Matroni na Neno Alilolimeza

Tulimwita Matroni, ingawa cheo hicho hakuna mtu aliyewahi kumpa. Matroni halisi wa kliniki yetu ya wajawazito pale Doha alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mpole sana, na hata yeye, akitaka jambo liende haraka, alisema, "Mwulizeni Matroni." Alimaanisha huyu wetu, mkunga Mkenya, mnene, mwenye viatu vyeupe vya mpira, aliyekuwa akipita kwenye ukumbi ule kama mtu anayekagua shamba lake mwenyewe.

Nilifika pale katikati ya miaka ya elfu mbili, nesi mchanga, hata ubaridi wa viyoyozi sijauzoea. Siku ya kwanza alinitazama juu hadi chini akaniuliza kwa Kiswahili mbele ya watu, "Umekula?" Nikasema nimekula. "Mwongo. Hiyo sura ni ya chai kavu." Akanivuta hadi jikoni kwa wafanyakazi, akanikatia nusu ya chapati yake, akasimama hadi nikaimaliza. Kisha akanifokea kwa sababu nilikuwa nimechelewa kurudi kazini. Niliposema ni yeye aliyenichelewesha, akasema, "Ndiyo, na sasa nakufokea. Mambo mawili tofauti hayo."

Alikuwa na mkono mwepesi wa sindano kuliko wote niliowahi kuwaona. Kabla ya kumtoa mama damu alimwuliza majina ya watoto wake. Si kwa adabu tu. Alitaka kuyajua kweli, na mama akirudi mwezi uliofuata aliulizwa hali ya kila mmoja kwa jina. Mama wa Kibangali akiwa bado anasimulia tabia za mwanawe wa tatu, sindano ilikuwa imekwisha kuingia na kutoka. Lakini yeye mwenyewe aliogopa sindano kama mtoto. Kila tulipotakiwa kuchanjwa mafua, Matroni alipotea. Mwaka mmoja tulimkuta kwenye chumba cha shuka, mlango ameuegemea kwa ndani. Alichanjwa macho ameyafumba, ameng'ang'ania mkono wangu hadi vidole vikafa ganzi.

Kiarabu chake alikiokota kwa wagonjwa, kwa hiyo kilikuwa cha kike na cha kizee. Hata dereva wa basi letu, mwanamume wa ndevu, Matroni alimsalimia kwa maneno ya kumwambia bibi. Dereva alikuwa akicheka mpaka anaegemea usukani. Tulipojaribu kumrekebisha, alisema, "Ameelewa? Amecheka? Basi Kiarabu kimefanya kazi yake." Chai ya karaki inayouzwa vibandani aliitukana kila siku kwamba ni maziwa ya kopo yaliyochemshwa hadi yakatubu, na kila siku alikunywa vikombe viwili.

Ijumaa, siku ya mapumziko ya mji ule, tulikwenda kanisani Abu Hamour, naye aliimba kwaya. Alikuwa na sauti mbaya. Nalisema hilo kwa upendo. Mwalimu wa kwaya alimweka nyuma kabisa, naye Matroni aliamini amewekwa nyuma kwa kuwa sauti yake ni kubwa na itawafunika wengine. Hatukumwambia ukweli. Aliyesimama mbele yake, na aliyeumia zaidi masikio, alikuwa Mama Imani, mke wa mpishi mmoja wa hoteli, Mkenya mwenzetu kutoka upande wa Bungoma. Mama Imani alikuwa na sauti ya kwanza ya kukufanya uinue kichwa. Matroni akikosea noti, Mama Imani aligeuka kidogo tu, akamtazama, na wote wawili walitetemeka mabega kwa kicheko hadi ubeti ukaisha.

Kitu kimoja hakukifanyia mzaha: kondo la nyuma. Kwa kawaida mtoto akishatoka, kondo hujibandua lenyewe na kumfuata. Lakini kwa mwanamke aliyewahi kujifungua kwa kupasuliwa, mara nyingine hujishikiza juu ya lile kovu na kuzama ndani ya nyama ya tumbo la uzazi. Hapo ukilivuta, damu haizuiliki. "Kondo ni mgeni," Matroni alikuwa akiwaambia manesi wapya. "Mgeni mwema anajua siku ya kuondoka. Huyu mwingine amejenga." Manesi walicheka; yeye hakucheka. Sababu yake aliniambia mara moja tu, tukikunja shuka. Alipokuwa mkunga mchanga nyumbani, aliona kondo likivutwa na mtu mwenye haraka. Kazi yake yeye ilikuwa kumshika mama mkono. "Mkono ulipoa kabla sijauachia," akasema, akachukua shuka nyingine.

Ndiyo maana daktari wetu mkuu alipotueleza habari ya kipimo kimoja cha damu, Matroni alisogeza kiti mbele. Daktari alikuwa Msudani, mrefu, msemaji wa sauti ya chini, naye alikuwa na desturi ya kutufundisha jambo baada ya kliniki kufungwa. Alisema kipimo cha damu tunachomchukulia mama karibu na mwezi wa nne, kuangalia hali ya mtoto, mara nyingine husema jambo jingine. Kuna protini ambayo ikipanda mno, na mtoto hana kasoro, na mama ana kovu la upasuaji, yafaa kulifikiria kondo. Huenda limeanza kuzama, na damu ya mama imelijua mapema kabla ya picha ya ultrasound.

"Huenda," daktari akarudia. "Wengine protini hupanda na kondo hutoka vizuri. Wengine haipandi na kondo limezama. Watu bado wanatafuta kipimo cha damu cha kutegemewa. Hiki ni fununu, si ushahidi."

"Daktari," Matroni akasema, "sisi wakunga maisha yetu yote tumekula fununu."

Tangu siku hiyo majibu ya damu yakija aliyapitia kwanza ya wenye makovu. Alikuwa na haki ya kuyaona. Ilikuwa kazi yetu kuyapanga. Lakini Matroni hakujua kuona jambo na kunyamaza, na hapo ndipo alipokosea mara ya kwanza.

Mgonjwa alikuwa mwalimu wa Kimisri, mimba ya tatu, kapasuliwa mara mbili. Protini ilikuwa juu. Daktari alikuwa bado hajamwona siku hiyo, na Matroni alimkuta ukumbini akingoja, akaketi kando yake, akamweleza yote: kondo, kovu, damu, na kwamba huenda tumbo la uzazi likatolewa. Alidhani anampa silaha. Mwanamke yule alisikia jambo moja tu, kwamba atakufa. Picha zilizofuata hazikuonyesha ubaya wowote, lakini hakuna picha iliyoweza kumtoa kwenye kile kiti cha ukumbini. Aliacha kufundisha. Aliacha kula vizuri. Mumewe alituambia kwamba amegawa nguo zake kwa dada zake. Siku ya upasuaji tulijiandaa kwa vita, na kondo likatoka kama ganda la ndizi iliyoiva.

Matroni alikwenda wodini kumpongeza. Nilikuwa naye. Yule mama alikuwa amempakata binti yake, mzima, mzuri, na hakumtazama Matroni usoni.

"Mimba hii ilikuwa ya mwisho," alisema. "Nilitaka kuifurahia. Wewe ulininyang'anya."

Matroni alisema samahani kwa Kiarabu, na safari hiyo alikisema sawasawa. Daktari naye alimwita ofisini, na baadaye akatukusanya wote: majibu ya damu yatasemwa na daktari peke yake, tena baada ya picha kuonyesha kitu. Hakumtaja mtu. Matroni alisimama mikono nyuma, akitikisa kichwa kukubali kila neno. Nilikuwa nimemzoea kama mtu anayebishana hata na bei ya nyanya. Kumwona amekubali vile kulinitisha kidogo.

Mwaka uliofuata Mama Imani alishika mimba.

Naye alikuwa amepasuliwa mara mbili. Alikuja kliniki kwetu na tumbo dogo na furaha kubwa, akawa anamwimbia Matroni kwa sauti ya chini wakati wa kutolewa damu, akiigiza zile noti mbovu za Ijumaa. Majibu yaliporudi, Matroni aliyashika kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akanipa nisome. Protini ilikuwa juu.

Safari hii alifuata njia. Alipeleka kwa daktari, daktari akapiga picha ya tumbo mwenyewe. Kondo lilikuwa limekaa chini, upande wa mbele, karibu na kovu, lakini halikuonyesha dalili ya kuzama. Alipanga picha nyingine baadaye, mimba ikikua, kwa kuwa mapema hivyo mambo mengi hujificha. Mama Imani akaambiwa kondo liko chini, litaangaliwa tena. Ilikuwa kweli. Lakini haikuwa yote.

Kabla ya hiyo picha ya pili, hoteli ya mumewe ilipunguza wapishi. Mkataba ulikatika, na pamoja nao kibali cha familia nzima kukaa. Walikuwa wakiishi chumba kimoja Umm Salal. Katika juma moja vitanda viliuzwa na masanduku yakafungwa. Daktari wetu alikuwa likizo kwao Khartoum. Aliyeshika nafasi yake alimwandikia Mama Imani kwamba apige picha tena akifika Kenya, akamtakia safari njema.

Ijumaa ya mwisho alikuja kanisani kutuaga, amebeba sufuria ya pilau aliyoipika mwenyewe. Baada ya ibada tulisimama nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, sisi watatu. Matroni alimshika viwiko vyote viwili.

"Mama Imani, sikiliza. Ukifika, usijifungulie karibu na nyumbani. Nenda hospitali kubwa. Mahali penye damu ya kutosha na madaktari wa upasuaji wa usiku na mchana."

"Kwani kuna nini, Matroni?"

Nilimwona Matroni akifungua mdomo. Najua kabisa neno lililokuwa pale. Nilimwona akilimeza.

"Hakuna kitu. Una makovu mawili, kondo liko chini. Ni tahadhari tu."

"Ai, tahadhari!" Mama Imani akacheka. "Hata kwa Imani walinitisha hivyo hivyo. Mama mkwe amenitayarishia chumba, na kituo cha afya kipo hapo tu, hata upasuaji wanafanya. Mungu yupo."

"Yupo. Lakini wewe nenda hospitali kubwa."

"Sawa, nimesikia, mama." Akamkumbatia kwa ubavu, kwa sababu ya tumbo. "Na wewe ukiimba, imba polepole. Sitakuwapo kukukazia macho."

Habari ilitufikia kupitia kwa mwalimu wa kwaya, kabla ya mazoezi. Uchungu ulikuja kabla ya wakati. Picha ya pili hakuwa amepiga; alijisikia vizuri. Walimkimbiza pale karibu, na wale watu wakafanya walichoweza: mtoto wa kiume alitolewa salama. Kondo halikutoka. Damu iliyokuwapo haikutosha, na gari la kumhamisha lilipofika, hakukuwa na haja tena ya kumhamisha.

Kwaya ilijaribu kuimba. Nafasi ya Mama Imani ilikuwa wazi, hakuna aliyesogea kuijaza. Matroni alisimama mstari wa nyuma, amefunga kitabu cha nyimbo. Hakuimba siku hiyo, na sikumsikia tena akiimba. Ijumaa alikuja, akakaa viti vya katikati pamoja na watu wengine.

Kazini hakuacha chochote, na hilo ndilo lililonishangaza. Wengine wangeomba kuhamishwa. Yeye alimngoja daktari arudi, akaingia ofisini kwake, na mara hii nilisikia sauti yake kupitia mlangoni.

"Nilimwambia mmoja vibaya, nikamharibia mimba. Nikamnyamazia wa pili, amekufa. Sasa unifundishe namna ya tatu."

Daktari hakuwa mtu wa kiburi. Alisema na yeye alikuwa akiitafuta hiyo namna ya tatu, na kwamba amri yake ya kunyamaza ilikuwa ya haraka. Wakaitengeneza pamoja. Mama mwenye kovu na damu ya kutia shaka aliitwa na mumewe, au na yeyote anayemwamini, kwenye chumba kidogo chenye viti, si ukumbini. Aliambiwa tunachojua na tusichokijua kwa maneno mepesi. Aliambiwa kwamba huenda ikawa si kitu. Aliambiwa pia, bila kuzunguka, kwamba ikiwa ni kitu, mahali atakapojifungulia ndipo patakapoamua maisha yake. Na akisafiri, aliondoka akiwa amelisikia neno lenyewe. Matroni alitufundisha manesi wote kusema hivyo. Alitufanyisha mazoezi, yeye akijifanya mgonjwa. Ukipaka maneno asali alikukatiza: "Sijaelewa. Nitakufa au sitakufa?" Ilibidi umjibu ukimtazama: "Sijui, mama. Ndiyo maana tunataka tujiandae na wewe."

Wengi walikuja wakaogopa, wakajifungua salama, wakaenda zao. Mmoja alikuwa mkwe wa bibi mmoja wa Kikatari, bibi aliyependa kumletea Matroni harisi, ngano iliyopondwa na nyama, kwenye bakuli kila mwezi wa Ramadhani. Damu ya yule mkwe ilitia shaka, picha ya pili ikathibitisha. Siku ilipangwa, damu ikawekwa tayari, madaktari wa upasuaji wakasimama pande zote. Kondo lilikuwa limezama kweli hadi karibu na kibofu. Hawakulivuta. Walimtoa mtoto, wakatoa tumbo la uzazi pamoja na mgeni wake. Mama aliamka.

Bibi alimbusu Matroni paji la uso mbele ya watu, akalia kwa sauti. Sisi manesi tulipiga vigelegele kwa ndani. Lakini mama mwenyewe, alikuwa bado kijana, aligeukia ukutani akauliza kama ni kweli hatazaa tena. Matroni akasema ni kweli. Akakaa naye bila kumwambia ashukuru. Baadaye nilimkuta kwenye ngazi, viatu amevua, anajisugua miguu.

"Tumeshinda, Matroni," nikamwambia.

"Tumeshinda," akasema. "Lakini yeye asisikie tukisema hivyo."

Magoti ndiyo yaliyomtoa kliniki, miaka kadhaa baadaye. Alipata kazi ya kumtunza mwanamke mmoja mzee aliyepooza, katika nyumba ya ghorofani kule The Pearl, mtaa wa matajiri, kazi ya kukaa zaidi kuliko kusimama. Mimi nikapata zamu za wodini, tukawa tunaonana kwa nadra. Karibu na mwisho wa miaka ya elfu mbili na kumi alinipigia akaniambia nije mchana, mwenye nyumba ameruhusu.

Tulikaa jikoni. Alikuwa amepungua, mikono imekuwa na ngozi ya karatasi. Aliniuliza kuhusu kliniki, na kama watu wamepata kile kipimo. Nikamwambia bado. Wanatafuta vitu vingine kwenye damu ya mama, vipya, kila mara tunasikia matumaini, lakini hakuna anayethubutu kuvitegemea peke yavyo. Picha bado ndiyo inayoongoza.

"Watakipata," akasema. "Lazima damu inajua. Iko pale siku zote, itakosaje kujua?"

Akainuka akazima jiko ambalo tayari lilikuwa limezimwa. Akakaa tena.

"Baba Imani alinipigia."

Sikujua kwamba walikuwa wakiwasiliana. Akasema yeye ndiye aliyekuwa akimpigia kila Krismasi kuuliza hali ya watoto, na mara zote waliongea ya shule na mvua. Safari hii mwanamume ndiye aliyempigia. Alikuwa amempeleka mgonjwa wa jirani hospitali kubwa, na huko daktari mmoja alikuwa akiwaeleza watu juu ya makondo yanayozama, na jinsi damu na picha huweza kuonya mapema. Alirudi nyumbani na swali.

"Akaniuliza, 'Matroni, ulijua?' Nikamwambia, 'Nilishuku.'"

"Ungemwambia Mama Imani nini zaidi?" nikasema. "Ulimwambia aende hospitali kubwa. Nilikuwapo. Kile kipimo hakikuwa na uhakika, picha ilikuwa safi, daktari alikuwa amekataza—"

"Yote hayo nayajua. Ngoja nimalize." Aliweka viganja juu ya meza. "Akasema, 'Angekwenda. Ungemwambia vile ulivyoshuku, angekwenda. Mama yangu alimwambia abaki hapa, mimi nilimwambia tubaki, lakini wewe alikuwa hakubishii.' Hakunifokea. Alisema tu kama mtu anayenieleza njia. Kisha akaniambia kijana wake, yule aliyezaliwa siku ile, anaimba. Ana sauti, anasema, mpaka watu wanageuka kanisani. Akamwita aje anisalimie."

"Ukaongea naye?"

"Akaniita bibi. Akaniuliza kama ni kweli nilimjua mama yake. Nikasema ndiyo. Akasema, 'Niambie kitu chake.' Nikamwambia mama yako alikuwa anacheka kwaya ikiimba, mabega tu, bila sauti. Akacheka. Na mimi nikacheka, mdogo wangu."

Nilitaka kumshika mkono. Lakini kutoka chumbani tulisikia mwanamke mzee akigugumia; saa ya kumgeuza ilikuwa imefika. Matroni aliegemea meza akainuka, akaenda kwenye sinki, akaosha mikono kwa sabuni hadi viwikoni, kama tulivyofundishwa. Nilimfuata hadi mlangoni. Machozi yalikuwa yakimshuka, naye akayafuta kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa safi na hakutaka kuichafua. Kisha akainama, akamweleza yule mzee kwa sauti ya chini kila atakachomfanyia kabla hajamgusa, akamgeuza ubavu wa pili, taratibu.